Chatu Ndani ya Nyumba ya Ndoa: Ahadi ya Miaka Ishirini



Leo nazungumzia mfugo ambao wengi wetu hatutaki hata kuutaja usiku: chatu. Si jini, si hadithi ya bibi. Ni nyoka mwenyewe, anayefugwa nyumbani na mtu mwenye akili zake timamu, na anayetarajiwa kuhamia kwenye nyumba ya maharusi pamoja na kitanda na kabati.

Swali hili limenifikia kwenye kazi yangu ya ushonaji. Binti mmoja wa kwetu Lionja, wilayani Nachingwea, ananishonea nguo za harusi kwa simu: ananitumia vipimo, namtumia picha za vitambaa. Siku moja hakuuliza habari za shela. Aliniambia mchumba wake, kijana mkulima wa korosho, aliokota mtoto wa chatu wakati wa kusafisha shamba. Amemtengenezea boksi la mbao na waya wa kuku, anamlisha vifaranga, na anasema wakishaoana atakuja naye. "Dada, nikikataa nitaonekana nimeanza kumpanda kichwani kabla ya ndoa. Nikikubali naogopa. Nifanye nini?"

Mimi si ustadhat wala daktari wa mifugo. Ila nimeulizwa, nikasoma, nikauliza wanaojua, na msimamo wangu nausema waziwazi. Kumfuga chatu ni ahadi ya zaidi ya miaka 20, na ahadi ni deni. Wanaoweza kulilipa deni hilo wapo, lakini ni wachache mno, na nyumba ya maharusi wapya siyo mahali pake. Anayempenda chatu kweli amwache porini.

Mdogo wa leo ndiye mkubwa wa kesho

Mtoto wa chatu anapototolewa ana urefu wa nusu mita au zaidi kidogo. Ukimweka mkononi anajizungusha kama bangili, na ngozi yake ina michoro ambayo sisi wa vitambaa tunaikubali. Hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Akilishwa vizuri, ndani ya miaka michache anafika mita mbili, kisha tatu. Chatu wetu wa kusini mwa Tanzania akishakomaa huwa wa mita 3 hadi 4, na wakubwa zaidi hufika 5. Uzito wake unaweza kupita wa mfuko wa kilo 25 wa mchele, na majike makubwa sana hufika kilo 50. Hutambeba peke yako tena, na hatakaa kwenye boksi la vifaranga.

Kisha hesabu umri. Chatu anayetunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 20, na wengine hukaribia 30. Bibi harusi wa miaka 22 akiingia naye ndani leo, atakuwa bado anaye siku anapomwoza binti yake. Sasa jiulize: mume akisafiri kutafuta riziki Dar es Salaam, nani atamtunza? Akiugua? Mwenyezi Mungu akimchukua, mjane atakaa eda na chatu wa nani? Paka ukishindwa naye, jirani atampokea. Chatu wa mita nne hana jirani.

Kumtunza maana yake nini

Wapo wanaosema chatu ni mfugo rahisi kwa sababu hali kila siku. Ni kweli hali kila siku. Mkubwa anaweza kula mara moja kwa wiki kadhaa, na anaweza kukaa miezi bila kula. Lakini akila, anakula mnyama mzima: panya, kisha kuku, kisha sungura, na huko mbele hata mbuzi mdogo. Kwa hiyo anayefuga chatu lazima afuge au anunue chakula cha chatu mwaka hadi mwaka, pamoja na chakula cha wanawe.

Na si vizuri kumtupia mnyama hai. Sungura aliyebanwa kwenye kona hung'ata na kuparura, na chatu wengi waliofungwa wamepata vidonda kwa njia hiyo. Watunzaji wa kweli huwapa mnyama aliyekwisha kuuawa kwa upole. Anayefanya mlo wa chatu kuwa tamasha, watoto wa mtaa wamezunguka na simu mkononi, amemtesa sungura na amewafundisha watoto kucheka maumivu ya kiumbe.

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Banda lake linahitaji upande wenye joto la nyuzi 30 hivi na upande wa ubaridi, ili achague mwenyewe. Akikaa kwenye baridi hashindi kumeng'enya, chakula kinaozea tumboni au anakitapika, na mapafu huugua. Wenzetu wa nyanda za juu wanahitaji taa za kupasha joto mchana na usiku. Sisi wa pwani tuna joto la Mungu, lakini tuna jua kali: banda la bati lisilo na kivuli humwua kwa saa chache tu.

Banda lenyewe liwe na urefu wa kumwezesha kujinyoosha wote. Liwe na maji ya kutosha kuingia na kulala ndani, maana chatu hupenda maji. Liwe na kuta imara na kufuli. Waya wa kuku haufai kabisa: husukuma kwa pua usiku kucha mpaka pua inachubuka, na siku waya ukilegea ametoka. Akishakuwa wa mita tatu, hakuna kumfungua ukiwa peke yako. Awepo mtu mzima wa pili mwenye nguvu na anayejua kazi. Katika nyumba ya watu wawili, mtu huyo wa pili ni nani kama si wewe bibi harusi?

Halafu daktari. Ng'ombe na mbuzi wana wataalamu hadi kijijini. Mtaalamu wa kumtibu chatu homa ya mapafu utamtafuta wilaya ngapi?

Dini yetu imetufundisha nini juu ya kiumbe kilichofungwa

Sote tumesoma madrasa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Ametuhadithia Mtume wetu (S.A.W.), na Bukhari na Muslim wameipokea. Kosa la mwanamke yule halikuwa kufuga. Kosa lilikuwa kumfungia paka, asimpe chakula, wala asimwachie akajitafutia vijidudu vya ardhini. Tafakari sehemu hiyo ya mwisho. Ukimfunga kiumbe umemnyang'anya uwezo wa kujitafutia, na riziki yake imekuwa juu yako. Huna tena nafasi ya kusema sikujua, sikuwa na hela, nilikuwa na shughuli.

Tumesoma pia habari ya ngamia aliyetokwa na machozi alipomwona Mtume (S.A.W.), kisha mwenye ngamia akaambiwa amche Mungu kwa mnyama huyo anayemshindisha njaa na kumchosha. Ngamia ana sauti ya kulalamika. Chatu hana. Nyoka anayeumwa hukaa kimya, na mwenyewe akaja kumwonesha wageni akisema "ametulia, amenizoea". Huenda hakuzoea. Huenda ana baridi, ana njaa, au anakufa.

Kuhusu hukumu ya kumfuga nyoka mwenyewe, wapo wanavyuoni wengi waliokataza, kwa kuwa nyoka wametajwa katika viumbe vinavyodhuru ambavyo imeruhusiwa kuviua. Muulizeni sheikh mnayemwamini. Lakini hata kabla ya kufika huko, dini imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na haki ya jirani imewekwa mahali pazito: imani ya mtu haikamiliki ikiwa jirani yake hana amani na shari yake. Jirani mwenye mtoto anayetambaa, na nyuma ya ukuta wake kuna chatu kwenye boksi la mbao, amani ataitoa wapi?

Watoto na wajawazito

Nitasema jambo gumu, na nalisema kwa sababu bibi harusi wa leo ni mama wa mwakani, inshaAllah.

Agosti 2013, katika mji wa Campbellton huko Canada, chatu wa Afrika, wa jamii hii hii ya kwetu, alitoka kwenye banda lake ndani ya nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Alipita kwenye tundu la hewa, akaangukia chumba ambamo ndugu wawili wadogo, wa miaka 4 na 6, walikuwa wamelala. Walikuwa wageni tu, wamekuja kulala kwa rafiki yao. Hawakuamka. Mwenye nyoka alishtakiwa, na mwaka 2016 baraza la mahakama lilimwona hana hatia ya jinai. Hukumu hiyo haikuwarudisha watoto.

Matukio kama hayo ni machache sana, na sitaki kuwatisha kwa uongo. Chatu hana sumu, na porini humkimbia mtu. Lakini ona tukio lilivyokuwa: hakuna aliyemchokoza, hakuna aliyecheza naye. Ni tundu moja lililosahauliwa na mtu ambaye nyoka ndiyo iliyokuwa kazi yake. Sisi ambao milango yetu ya uani inafungwa kwa kipande cha kamba tuseme nini?

Kuna na hatari ndogo ya kila siku. Nyoka, kobe na mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila wenyewe kuumwa. Huwaachia kwenye ngozi, maji na banda, na mtu huwapata kwa mikono. Ndiyo maana wataalamu wa afya hushauri nyumba zenye watoto chini ya miaka mitano zisiwe na wanyama hao, na wajawazito na wazee wajihadhari nao. Mwanamke anayeosha bakuli la chatu kisha anakanda unga, mikono ni ile ile.

Sheria nayo ipo

Wengi hufikiri nyoka aliyeokotwa shambani ni wa aliyemwokota. Hapana. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wa Tanzania Bara ni mali ya umma, wako chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kumkamata na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, hata ukimpa jina na kumwogesha kila Ijumaa. Vibali na usimamizi nje ya hifadhi za taifa viko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Sisi wa visiwani tuna sheria zetu na Idara yetu ya Misitu. Na chatu yumo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kwa hiyo anayewaza kumpakia kwenye boti kumleta Unguja akawapigishe watalii picha, ajue anavuka zaidi ya bahari.

"Mbona wengine wanafuga?"

Wanafuga, na wengine wanafuga vizuri. Pale Meserani, nje ya Arusha, kuna bustani ya nyoka inayojulikana. Nairobi wana bustani ya nyoka kwenye makumbusho yao. Hapa Unguja, Zala Park ya Muungoni imewaonesha watoto wa skuli wanyama watambaao. Na Wasukuma wana ngoma ya nyoka. Chama chao cha Bayeye kimejulikana kwa kazi ya nyoka na dawa za nyoka kwa vizazi, na mtu hakuingia tu, alifundishwa na wakubwa wake.

Angalia wanachofanana hao wote. Kwao nyoka ni kazi. Kuna banda, kuna watu wa zamu, kuna ujuzi uliorithiwa au kusomewa. Hakuna hata mmoja aliyemweka chumbani kwa maharusi kwa sababu alimwona mzuri kwenye video.

Na ona waliokuwa nacho kila kitu, umeme usiokatika na madaktari, bado wakashindwa. Huko Florida, Marekani, watu walinunua chatu wadogo kutoka Asia. Walipokua na kuwashinda, wengine wakawatupa kwenye vinamasi. Wengine walitoroka wenyewe. Chatu wakazaliana, wakala wanyama wa huko mpaka baadhi yao wakawa hawaonekani. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza aina nne za nyoka wakubwa, na chatu wa Afrika wamo. Kilichoanza kama kipenzi cha mtu mmoja kimekuwa mzigo wa nchi. Kisiwa chetu ni kidogo kuliko Florida, dada zangu.

Chatu naye ni mama

Nisieleweke kwamba nasema mumuueni. Kule kwetu akionekana chatu kwenye mikorosho, kelele hupigwa na mapanga hutoka. Lakini chatu anakula panya na ndezi wanaomaliza mazao, na hana shida nawe ukimpisha njia.

Kuna jambo nililolisoma likaniingia moyoni. Mtafiti wa Afrika Kusini, Graham Alexander, aliwafuatilia chatu wa aina hii hii ya kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Mama chatu hutaga kwenye shimo, mara nyingi la mhanga, akayazunguka mayai yake. Hutoka kuota jua, mwili wake umekuwa mweusi kuliko kawaida ili ushike joto, kisha hurudi ndani kuwapa mayai joto hilo. Muda wote huo hali kitu. Na mayai yakishaanguliwa hawaachi watoto mara moja. Hukaa nao kama wiki mbili, usiku wakilala katikati ya mikunjo yake wapate joto. SubhanAllah. Tuliambiwa nyoka hana huruma.

Mtoto wa chatu anayetolewa shambani na kutiwa kwenye boksi alikuwa na maisha yake aliyopangiwa na Muumba. Kumpenda ni kumrudishia hayo.

Nilimjibu hivi

Yule binti nilimwambia hivi, na nawaambia na wengine mnaojiandaa.

Usimkebehi mchumba wako. Kijana aliyemwokota mtoto wa chatu badala ya kumkata kwa panga ana huruma, na huruma ni mali katika mume. Anza hapo, msifu.

Kisha mwulize kwa upole, mmekaa na walii au mtu mzima wa kwenu, maswali matano. Ana kibali? Banda la mita nne atalijenga wapi, na kwa fedha gani? Nani mtu wa pili wa kumshika? Siku nikiwa mjamzito na wewe haupo, nani atamlisha? Na baada ya miaka 15 ukimchoka, atakwenda wapi? Akiwa na majibu ya kweli ya yote matano, huyo ni mtu wa kazi hiyo, na banda lake likae mbali na nyumba mnayolala. Asipokuwa nayo, majibu yenyewe yameshaamua, hukuamua wewe.

Jambo hili limalizwe kabla ya nikaha. Masharti ya ndoa ndiyo tuliyosisitizwa zaidi kuyatimiza, na nyumba yenye usalama si sharti la kumwonea mtu. Tunakubaliana mahari, kitanda na mahali pa kuishi, halafu tunaona haya kusema kinachotunyima usingizi. Somo wako akikufundisha kutii, akufundishe na kusema.

Na nyoka asitupwe popote wala asiuawe. Kijana aende kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa wanyamapori wa wilaya, aeleze alivyompata na mahali hasa alipompata, ili warudishe au wamweke panapostahili. Akienda mwenyewe mapema, anaeleza kama mtu aliyeokoa. Akisubiri akamatwe naye, ataeleza kama mtuhumiwa.

Haya hayaishii kwa chatu. Wapo wanaofuga kasuku na kuwasahau juani, wapo wanaofunga kima kwa mnyororo mfupi chini ya mwembe, wapo wanaonunua sungura kwa ajili ya sikukuu tu. Kila shingo tunayoifunga kamba tutaulizwa habari zake.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zenu utulivu, mapenzi na huruma, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana tulizozichukua na wenye ujasiri wa kutochukua zile tusizoziweza. Amin.